Fundi Mbwana na Kutu ya Ngozi

Katika kisiwa cha Chula hakuna mashua iliyoshushwa majini bila ya kupita mikononi mwa Mbwana Ishaq. Seremala huunganisha mbao, lakini baina ya ubao na ubao hubaki mwanya, na mwanya huo ndio mlango wa bahari. Mbwana ndiye aliyeufunga mlango huo. Alichukua nyuzi za pamba zilizolowa mafuta ya papa, akazishindilia kwenye mwanya kwa patasi butu na nyundo, mpaka maji yakakosa pa kupenyea. Kazi hiyo huitwa kalafati, na aliirithi kwa baba yake pamoja na patasi, nyundo na ubishi.

Mbwana alizaliwa na ualbino. Hilo si kosa la mtu, wala halikuletwa na shetani wa baharini, ingawa bibi mmoja wa Chula alilifanyia maneno kwa miaka. Mwili wake haukuweza kutengeneza melanini, ile rangi inayoikinga ngozi ya mwanadamu na jua kama pazia linavyokinga dirisha. Watoto walimwita Mzungu wa Chula, na watu wazima waliowasikia, badala ya kuwakemea, walicheka. Kicheko kile kilifanya madhara makubwa kuliko wachekaji walivyodhani, kwa sababu siku mama yake alipomsukia kofia pana ya ukindu, yenye ukingo uliofika mabegani, wanaume wa ufukweni walimuuliza kama amekuja kufanya kazi au amekuja kuuza ungo. Mbwana aliivua, akampa kuku atotolee mayai ndani yake, na tangu siku hiyo hakuvaa tena kitu kichwani isipokuwa kofia ndogo ya vito, ambayo husitiri utosi na kuyaacha masikio yajitegemee.

Alipokuwa mwanafunzi wa kazi, kazi yenyewe ilimlinda. Mwanafunzi wa kalafati hulala chali chini ya mashua, nako chini ya mashua ni kivulini. Masaibu yalianza alipokuwa fundi mkuu. Fundi mkuu hukaa juu, penye mbao za ubavuni na za sitaha, ili aonekane. Basi Mbwana alionekana na watu, na jua nalo likamwona.

Kidonda kilitokea kwenye ncha ya sikio la kushoto. Kilikuwa kidogo, chenye kigaga. Kigaga kilibanduka, damu ikatoka, kikarudi kigaga kingine. Mkewe, Thuraya, alimsumbua nacho mpaka alipoona maneno hayatoshi, akamshika mkono hadharani na kumfikisha kwenye darasa la skuli ambamo Safiyya, muuguzi kijana wa kutoka Kismayo, alikuwa akichanja watoto kwa miezi michache.

"Ami Mbwana," alisema Safiyya akimtazama sikio, "kidonda hiki kina muda gani?"

"Ni cha juzi juzi, mwanangu."

"Juzi ya mwaka gani?" Thuraya aliuliza. "Kilipoanza, Marwa wetu alikuwa hajachumbiwa. Leo Marwa ananyonyesha."

Safiyya alilitazama sikio kwa muda, akalipapasa shingo kutafuta matezi yaliyovimba, asiyaone, akashukuru Mungu kwa sauti ndogo. Kisha aliwaambia kweli bila ya kuipaka asali. Kidonda kisichopona kwenye ngozi isiyo na melanini ni lazima kidhaniwe kuwa saratani mpaka ithibitishwe vingine. Kikikatwa sasa, hukatwa kipande kidogo cha sikio tu na mtu akaendelea na maisha yake. Kikiachwa, huteremka mpaka kwenye matezi ya shingo, na kutoka hapo hapana fundi wa kukifuata. Daktari wa upasuaji yuko Kismayo. Aende.

Mbwana alitazama dirishani. Neno saratani lilikuwa limeingia darasani, na yeye alitaka kutoka. Lakini fundi hawezi kutoka bila ya kuuliza jinsi kitu kinavyoharibika.

"Jua laweza vipi kukata nyama? Jua halina meno."

Safiyya alikuwa mwalimu mzuri, na huo ndio uliokuwa msiba. Akaeleza kwamba mwanga mkali wa jua huharibu ngozi kwa njia zaidi ya moja. Hupiga moja kwa moja maandishi yaliyomo ndani ya kila seli, yale yanayoiamuru lini igawanyike na lini iache. Tena huzalisha ndani ya ngozi chembe korofi, zisizotulia, ambazo hunyang'anya kila jirani. Mwili una walinzi wake wa kuzituliza chembe hizo, nao huitwa antioksidanti. Wanyang'anyi wakizidi walinzi, hali hiyo huitwa mkazo wa oksidishaji, na maandishi ya seli huzidi kuharibika. Seli iliyopoteza maandishi yake husahau kuacha kugawanyika, na huko kusahau ndiko saratani.

"Ni mfano wa kutu kwenye msumari," alimalizia. "Hewa na chuma, kidogo kidogo."

Mfano haukuwa mbaya. Ubaya ni kwamba alimpa mfano wa kutu mtu aliyepigana na kutu maisha yake yote, na akaishinda.

"Kutu naijua," alisema Mbwana, uso umemkunjuka. "Mimi na kutu tumejuana zamani. Na hao walinzi wapatikana wapi?"

"Mwili hujitengenezea, na wengine hutoka kwenye mboga, matunda na samaki. Lakini, Ami, hakuna chakula wala kidonge kinachoweza..."

Neno *lakini* lilimkuta Mbwana ameshasimama. Alishukuru kwa adabu zote, akatoka mlangoni kwa mwendo wa mtu aliyepewa ruhusa ya kutokwenda Kismayo.

Yeye hakwenda, ila salamu zake zilikwenda. Walidi, mwenye mashua ya abiria na mizigo baina ya Chula na Kismayo, alipewa ujumbe kwa Riyadh, mwenye duka la dawa na vipodozi mjini: anatakiwa antioksidanti, na awe wa nguvu. Riyadh hakuuliza mgonjwa ni nani wala anaumwa nini. Watu wa namna hii hawaulizi, na hapana anayewauliza wao. Alituma chupa za vidonge vya rangi ya machungwa, zenye picha ya karoti na picha ya mwanamke anayecheka bila ya sababu. Walidi akafikisha na ujumbe: "Riyadh asema, walaal, ndugu yake, ameze bila ya hofu, hivi havina madhara."

Kwenye chupa pameandikwa kimoja kwa siku. Mbwana alilipima agizo hilo kwa kipimo cha kazi yake. Mwanya mdogo hutiwa pamba kidogo, mwanya mkubwa hutiwa pamba nyingi, na fundi anayetia uzi mmoja kila mahali ni mvivu. Akavimeza kwa kiganja.

Baada ya majuma kadhaa viganja vyake viligeuka rangi. Nyayo zikafuata, kisha pua, kisha uso mzima ukawa wa machungwa yaliyokaribia kuiva vizuri. Mtu mweusi angebadilika kidogo tu, asitambulike. Kwa Mbwana, mabadiliko yaliweza kuonekana kutoka kisiwa cha pili.

"Baba Marwa," alisema Thuraya asubuhi moja, akimchunguza kama mtu anayechunguza tunda sokoni, "nikufukie kwenye mchele, au umeshaiva?"

"Ni dalili kwamba yafanya kazi."

"Yafanya kazi gani? Sikio latoka damu vile vile. Tofauti ni kwamba sasa damu yapendeza na ngozi."

Mbwana alichukua patasi yake akaenda kazini. Lakini kila alfajiri, kabla ya mtu kuamka, alikigusa kidonda kwa ncha ya kidole, na kila alfajiri kilikuwa kimeongezeka ukubwa. Alimeza zaidi. Hofu ilikuwa inamla, naye akiilisha karoti.

Kisha bahari ikachafuka. Walidi hakuweza kusafiri, na vidonge vikaisha. Mtu mwingine angeuchukua upungufu huo kuwa nafasi ya kutafakari. Mbwana aliutazama msumari uliokuwa mkononi mwake. Msumari wa mashua haupewi kidonge, hupakwa mafuta. Mashua yenyewe, yenye mbao zinazochomwa na jua mwaka hata mwaka, huokolewa na nini? Na mafuta ya papa: maini ya papa yaliyochemshwa, yakatiwa debeni, yakakaa. Tena aliwahi kusikia kwamba maini ya samaki yana vitamini ndani yake, jambo ambalo ni kweli, na kweli ndogo ndiyo inayompotosha mtu vizuri zaidi kuliko uongo mkubwa. Akalifunua debe lililokaa juani nyuma ya karakana tangu msimu uliopita, akachovya brashi ya mashua, akajipaka kuanzia utosini mpaka kiunoni.

Wasiowahi kuyanusa mafuta ya papa yaliyochacha na wamshukuru Mola wao. Harufu yake haimwingii mtu puani tu, bali humwingia na kukaa naye, ikamsomea nia zake zote.

Wa kwanza kumjia walikuwa paka. Chula ina paka wengi, nao wamezoea kugombania vichwa vya dagaa. Leo papa mzima alikuwa akitembea kwa miguu miwili. Walimfuata kutoka karakana mpaka nyumbani na kutoka nyumbani mpaka msikitini kwa safu, wakubwa mbele na wadogo nyuma. Alipokuwa kwenye sijida ya adhuhuri, mmoja alikuwa anamlamba kisigino kwa utulivu wa ibada. Imamu, mtu mpole asiyependa kumwudhi mja, alimwendea baada ya swala.

"Fundi, hapana anayekukataza nyumba ya Mungu," alisema. "Ila upepo leo ni wa kusi. Ukisimama mwisho wa safu upande upepo unakokwenda, utakuwa umewasaidia waumini wote kuwa na khushuu katika swala."

"Na upepo ukigeuka?"

"Ukigeuka, Fundi, nawe utageuka."

Thuraya hakuwa mpole kiasi hicho. Alimtandikia mkeka uani, akampa sahani yake, kikombe chake na mlango wake, ambao ulikuwa ule wa kuku. Na jua la saa saba, likiyakuta mafuta juu ya ngozi isiyo na kinga, lilifanya linalofanya kwenye kila kikaango. Mabega ya Mbwana yakawa mekundu chini ya ile rangi ya machungwa. Mabaharia waliopita walimuuliza kama ageuzwe upande wa pili. Hao ndio wale wale walioicheka kofia ya ukindu. Watu hawa wangeweza kumuokoa jirani yao kwa kunyamaza tu, na kunyamaza huko hakukuwezekana.

Habari zilimfikia Safiyya kabla ya Fundi, kwa sababu harufu ilitangulia. Akaweka chini sindano, akamfuata karakana, akasimama upande upepo unapotoka.

"Ami Mbwana, ni nani aliyekwambia ufanye hivi?"

"Wewe, mwanangu. Ulisema ni kutu."

Safiyya alifumba macho kidogo. "Sawa. Kosa la mfano ni langu, basi tuumalize. Mafuta haya yalipochemshwa, yalinuka hivi?"

"Hapana. Yalipokuwa mapya yalikuwa mazuri. Yamechacha debeni."

"Kwa nini yamechacha?"

"Jua. Na hewa."

"Jua na hewa," Safiyya alirudia. "Kuchacha kwa mafuta ni ule ule mchezo wa chembe zinazonyang'anyana. Harufu hii inayowaita paka ndiyo oksidishaji yenyewe. Ami, umekimbia kutu, ukaenda ukajipaka kutu kwa brashi."

Mbwana alilitafakari neno hilo kwa heshima linayostahili. Paka nao walikaa.

"Basi nitachemsha mapya," alisema.

Thuraya, aliyekuwa amesimama mlangoni ameziba pua kwa upande wa leso, alitoa mguno ambao hapana alfabeti ya kuuandika. Safiyya hakukata tamaa. Akaeleza kwamba wachunguzi wa nchi mbalimbali waliwapa maelfu ya watu vidonge vya namna ile miaka na miaka, na vidonge havikuwakinga na saratani ya ngozi. Katika uchunguzi mmoja, uliojaribu madini yaitwayo seleni, saratani za namna fulani ya ngozi zilionekana hata kuzidi. Akaeleza zaidi: seli iliyokwisha kuharibika nayo husumbuliwa na zile chembe korofi, na katika panya wa maabara imeonekana kwamba walinzi wakiongezwa huweza kumlinda mharibifu naye. "Mboga kula, matunda kula, samaki kula," alisema. "Lakini kilichomo sikioni mwako hakingoji kulishwa. Kingoja kukatwa. Mimi nikimaliza chanjo narudi Kismayo. Twende pamoja."

"Nitafikiri," alisema Mbwana, neno ambalo Thuraya alikuwa amelisikia kwa miaka ishirini na ushee, na hakuwahi kuona kilichofikiriwa.

Bahari ilipotulia, Walidi alikuja na shida yake. Alikuwa ameahidi kupeleka watu wa arusi kisiwa cha Koyama, naye aligundua kwamba ubao mmoja karibu na tezi, kule nyuma ya mashua, chini ya mstari wa maji, ulikuwa laini ukibonyezwa kwa kidole. Mashua ikavutwa ufukweni. Mbwana akautia ncha ya patasi ule ubao, na patasi ikaingia kama kwenye ndizi.

"Umeoza," alisema.

"Najua umeoza, Fundi. Watu wa arusi wamengoja wiki nzima, biriani lao lataka kupikwa. Nipakie mafuta, tia pamba nyingi, nipeleke nirudi. Nikirudi tutautoa."

Mbwana aliweka patasi chini. Waliokuwa karibu wakasogea, kwa kuwa hasira za Fundi zilikuwa nadra na zilikuwa na ufasaha.

"Wewe Walidi wa kuniambia mimi nipake mafuta juu ya uozo? Mafuta ni ya ubao mzima. Ubao mzima ukiupaka, waulinda. Ubao uliooza ukiupaka, wauficha tu, na uozo ukifichwa hunenepa. Utaingia wa pili, utaingia wa tatu, kwa nje pang'aa, kwa ndani ni uji. Mtu anayepaka mafuta juu ya uozo ili asitie msumeno, mtu huyo si fundi. Mtu huyo ni mwuaji mwenye brashi. Kitu kilichooza dawa yake moja, hukatwa mpaka ifikiwe mbao ngumu, na hukatwa leo."

Alikuwa ametoa maneno hayo huku amesimama juani, ameng'aa mafuta kutoka utosini mpaka kiunoni, rangi ya embe, damu mbichi ikimtiririka kutoka sikioni.

Walidi alimtazama tangu juu mpaka chini. Hakuwa mtu wa hekima, alikuwa mtu mwenye haraka na biriani la watu.

"Mchu huyu," alisema kwa matamshi ya Chula, ambako mtu ni mchu, akiwageukia wenzake. "Ubao wangu hukatwa leo, na sikio lake je? Sikio lina uozo ule ule, na kila siku yeye hulipaka mafuta."

Hapana aliyecheka.  Mkono wa Mbwana ulipanda polepole ukaligusa sikio, na kwa mara ya kwanza uligusa mbele ya watu. Alikaa juu ya gogo. Thuraya, aliyekuwa ameleta chai, aliishika birika asimimine, kwa kuogopa kwamba sauti ya chai ingemgutusha mumewe kutoka pale alipofika.

"Nimeogopa, Mama Marwa," alisema Mbwana hatimaye, akimwangalia mkewe na si mtu mwingine.

"Najua."

"Babangu mdogo alikuwa kama mimi. Alikwenda kutibiwa, hakurudi."

"Alikwenda akiwa amechelewa. Alikuwa amechukuliwa kwenye kitanda, Baba Marwa. Wewe waenda kwa miguu yako, tena umeiva vizuri."

Mbwana akainuka, akauchukua msumeno. "Walidi, ubao huu nautoa sasa na nakutilia mwingine kabla jua halijachwa. Kesho hutakwenda Koyama. Utakwenda Kismayo, na mimi nitakuwa ndani. Arusi ingoje. Bibi arusi yuko hapo hapo."

"Nakubali," alisema Walidi. "Lakini uoge."

Kuoga huko kulichukua majivu, ndimu, sabuni ya mche na kumbi la nazi, na Thuraya alimsugua mumewe kama sufuria iliyounguzwa na mtu mwingine. Hata hivyo mashuani alikalishwa tezini, Safiyya akikaa karibu naye kwa wajibu wa kazi yake na si kwa hiari ya pua yake.

Kismayo, daktari alilitia ganzi sikio, akakata ncha yake pamoja na ukingo wa nyama nzima kukizunguka kidonda, akashona. Kipande kilipelekwa kupimwa mji mwingine, na majibu yalitaka muda. Wakapanga chumba wangoje. Thuraya hakumfanyia mumewe mzaha siku hizo. Alikuwa akihesabu tasbihi, akapotea, akaanza upya.

Katika kungoja huko walipita dukani kwa Riyadh kutafuta losheni ya kuzuia jua, aliyoagiza daktari. Riyadh, mara alipomwona mteja wake kwa macho, alitoka nje ya meza kwa furaha.

"Walaal, tazama rangi hiyo. Njooni muone," aliwaita wanawake wawili waliokuwa wakichagua sabuni. "Huyu anatumia vidonge vyangu. Tazameni afya ya mtu."

"Hiyo si afya," alisema Thuraya. "Hiyo ni karoti. Afya yake imekatwa jana na imeshonwa, na nusura wewe uiuze yote. Una losheni ya jua?"

Riyadh alitazama rafu kana kwamba ameziona leo. Hakuwa nayo. Alikuwa na krimu za kuchubua ngozi, makopo kwa makopo, rafu nzima kutoka juu mpaka chini, za kumvua mtu mweusi ile melanini aliyopewa bure na Mungu, na ambayo Mbwana alihitaji hata kijiko kimoja asiipate. Hiyo ndiyo biashara tuliyoiruhusu. Aliye na pazia huuziwa mkasi wa kulikata, na asiye nalo huuziwa picha ya karoti. Kivuli na kofia havina faida ya mwuzaji, na kwa hivyo havina mtu wa kuvitangaza.

Mbwana alilishika kopo moja, akalisoma picha: mwanamke mweusi upande huu, mweupe upande wa pili.

"Wachu hawa," alimwambia mkewe, "wananunua ninayoyakimbia."

Losheni ilipatikana kwa daktari mwenyewe, aliyekuwa ameiweka akiba kwa wagonjwa wa namna hiyo. Na majibu yalipokuja, Safiyya ndiye aliyewajia nayo kwa miguu, akitembea kwa haraka, nao walishindwa kusoma uso wake kwa sababu alikuwa anatweta. Ilikuwa saratani. Ila kingo zote za kile kipande zilikuwa safi; kilichooza kilikatwa chote, na matezi hayakuwa na kitu. Atakaguliwa ngozi yote kila baada ya miezi michache, maisha yake yote, na asikae juani.

Thuraya alilia kidogo, kisha akalitazama sikio, ambalo sasa lilikuwa na pengo safi kwenye ncha. "Mbuzi wa Chula hukatwa masikio ili wajulikane ni wa nani," alisema akipangusa macho. "Sasa ukipotea watakurudisha kwangu."

Mbwana alirudi Chula na sharti jipya ambalo halikuwahi kusikika katika ufundi wa kisiwa kile. Mwenye mashua anayetaka kalafati ajenge kwanza kipaa cha makuti juu ya mashua yake, kirefu na kipana, na Fundi asiguse nyundo mpaka kivuli kimetimia. Wenye mashua walilalamika. Wakasema babu zao hawakufanya hivyo. Mbwana aliwajibu kwamba babu zao walikuwa na fundi mwingine, na kwamba yeye hatapanda juu ya ubao wowote chini ya jua, hata mashua iwe ya nani. Alivaa mikono mirefu, na kichwani kofia pana ya ukindu aliyosukiwa na Marwa. Mtu mmoja alimuuliza kama anauza ungo. Fundi alimwambia mashua yake ipelekwe Ras Kamboni kwa fundi mwingine, na mtu yule aliomba radhi kabla ya alasiri.

Walidi ndiye aliyejenga cha kwanza, kwa kuwa shida za mashua yake hazikuwa na mwisho. Kilikuwa kipaa kizuri, chenye upepo. Siku ya kwanza ya kazi Mbwana alifika na vifaa vyake, akakuta kivuli chake kimejaa. Walidi alikuwa amejinyoosha kwenye mkeka. Mabaharia wanne walikuwa wanacheza bao. Imamu alikuwa amekuja kutazama maendeleo na sasa alikuwa anasinzia. Wote walikuwa weusi, wazima, wenye melanini za kutosha, na hapakubaki nafasi ya mtu kuweka nyundo.

Mbwana alisimama ukingoni mwa kivuli, nusu ya bega lake ikiwa juani.

"Karibu, Fundi," alisema Walidi bila ya kuinuka. "Umefanya jambo la maana sana. Hapa pamepoa."

Thuraya alikuwa anakuja na chai. Alipoona hali ile aliweka birika chini, akaokota bao pamoja na kete zake, akaliweka mbali kabisa kwenye mchanga unaowaka.

"Mcheze huko," alisema. "Nyinyi mmepewa kivuli na Mungu ndani ya ngozi. Hiki ni cha mume wangu."

Waliondoka mmoja mmoja wakinung'unika, Imamu akiwa wa mwisho, naye aliomba ruhusa ya kumalizia usingizi wake pembeni. Thuraya alimruhusu. Mbwana akapanda juu ya mbao, akakaa katikati ya kivuli chake, akaanza kugonga.